Nyumba Zisizofuata Ukoo: Mwaka wa Mashindano Shuleni Tarime na Serengeti

Mashindano ya nyumba ni utaratibu wa kuwagawa wanafunzi wote wa shule moja katika makundi ya kudumu, mara nyingi manne, na kuyapambanisha makundi hayo mwaka mzima katika michezo, taaluma, usafi, sanaa na kazi za mikono. Mwanafunzi hupangiwa nyumba muda mfupi baada ya kuripoti, na hubaki humo mpaka amalize shule. Katika shule za bweni, nyumba huwa ndilo bweni lenyewe. Katika shule za kutwa nyumba ni jina, rangi, mwalimu mlezi na orodha iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Pointi huanza kukusanywa Januari, na mwaka unapoisha nyumba moja hukabidhiwa kombe au ngao.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, utaratibu huu una uzito ambao haupo kila mahali. Huko mtoto hafiki shuleni akiwa peke yake. Hufika akiwa na ukoo, rika na kijiji, na baadhi ya koo hizo zimewahi kupigana kwa mishale na mapanga kwa sababu ya ng'ombe na mipaka ya ardhi, tena si zamani za mababu tu. Kumweka mtoto huyo katika kundi jipya ambalo halikupangwa na damu wala na kitongoji si mchezo wa kupitisha muda.

Nyumba za shule zilianzia Uingereza. Wavulana wa shule kubwa za bweni, kama Eton na Rugby, walilala katika nyumba mbalimbali zilizosimamiwa na walimu au na wenyeji wa mji, na kila nyumba ikawa na meza yake ya chakula, viranja wake na fahari yake. Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, aliwapa wanafunzi wa madarasa ya juu mamlaka ya kuwasimamia wadogo, na mtindo wake ukaigwa na shule nyingine nyingi. Michezo ilipopata nafasi kubwa katika ratiba za shule hizo, mechi kati ya nyumba na nyumba zikawa jambo la kawaida. Wamisionari na maofisa elimu walioanzisha shule Afrika Mashariki walikuja na mtindo huo. King's College Budo ya Uganda, iliyofunguliwa 1906, na Alliance High School ya Kenya, iliyofunguliwa 1926, zote zililea wanafunzi wake kwa nyumba.

Tanganyika mtindo huo ulionekana zaidi katika Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Kijana mmoja kutoka Butiama, Julius Nyerere, alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942 baada ya kumaliza Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Aliyoyaona Tabora, mazuri na mabaya, hayakumtoka. Machi 1967, akiwa Rais, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, ambalo lililaumu elimu iliyokuwa ikiwatenga vijana na maisha ya wazazi wao na kuwafanya wajione bora kuliko wakulima. Shule zikatakiwa ziwe na mashamba na miradi. Nyumba hazikufutwa, ila zilipewa kazi nyingine. Bweni likaanza kupimwa pia kwa matuta yake ya mboga na miti yake, kando ya magoli yake. Shule nyingi za Mara zinaendelea kuhesabu bustani katika mashindano mpaka leo, na zinafanya vyema.

Zama hizo serikali ilikuwa na njia nyingine ya kuwachanganya vijana. Aliyechaguliwa kuingia sekondari aliweza kupelekwa mbali na kwao, hivi kwamba kijana wa Tarime akasoma Songea na wa Songea akasoma Musoma. Njia hiyo imebaki zaidi kwa kidato cha tano na sita. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, ulijenga sekondari karibu kila kata, na kuanzia 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne. Hilo limefungua mlango kwa watoto wengi ambao zamani wangeishia darasa la saba. Lakini limebadilisha pia sura ya darasa. Shule ya kata hupokea zaidi watoto wa kata hiyo, na katika sehemu kubwa ya Tarime kata hukaliwa zaidi na ukoo mmoja, au hupakana na kata ya ukoo wa pili. Kazi ya kuchanganya iliyofanywa zamani na treni na basi sasa inabaki mikononi mwa mwalimu anayepanga orodha ya nyumba.

Wakurya wa Tarime wamegawanyika katika koo kubwa zenye maeneo yake, miongoni mwao Wairegi, Wanyabasi, Wanchari, Wakira, Watimbaru, Wasweta, Wakenye na Wanyamongo. Baadhi yao wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya. Mapigano baina ya baadhi ya koo hizo, pamoja na wizi wa mifugo, yalikuwa makali kiasi kwamba Tarime na jirani yake Rorya, iliyokuwa sehemu ya Tarime mpaka 2007, ziliundiwa kanda maalumu ya kipolisi. Mgeni akiyasikia hayo anaweza kudhani kwamba Mkurya hajui kundi lingine isipokuwa ukoo. Si kweli. Desturi ya Wakurya yenyewe ina kundi linalovuka koo, nalo ni rika la kizazi, irikora. Marika hayo yako katika mizunguko miwili, wa Saai na wa Chuma, na mtoto huingia katika rika linalofuata la baba yake ndani ya mzunguko uleule. Majina ya marika ni yaleyale kwa koo zote. Kwa hiyo Mnchari na Mnyabasi wanaweza kukutana wakiwa hawajuani, wakatajiana rika, na papo hapo kila mmoja akajua ni heshima gani anastahili kumpa mwenzake.

Upande wa Serengeti, ambako makao makuu ya wilaya ni Mugumu, mchanganyiko ni mkubwa zaidi: Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo. Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa na marika yao, saiga. Mwishoni mwa karne ya 19, walipokumbwa na njaa, maradhi na uvamizi wa Wamasai, walijipanga upya hata makazi yao kwa kufuata saiga tatu, yaani Busaai, Borumarancha na Bongirate, badala ya kutegemea koo peke yake. Historia hiyo inastahili kufundishwa mstarini siku ya kugawa nyumba. Watu wa eneo hili waliwahi kujinusuru kwa kujipanga katika makundi yanayovuka ukoo, nao hawakuyajifunza hayo kutoka Rugby.

Januari ndiyo inayoamua mwaka utakuwaje. Wanafunzi wa kidato cha kwanza huripoti katika juma la kwanza au la pili la muhula, wengine huchelewa kwa kukosa sare au mahitaji mengine, na mwalimu anayesimamia nyumba hulazimika kuwagawa kwa awamu. Njia rahisi kuliko zote ni kupitia daftari la majina kwa zamu, wa kwanza nyumba ya kwanza, wa pili nyumba ya pili, na kuendelea. Ina kasoro moja kubwa katika Mara. Majina ya Kikurya hurudiarudia, Chacha, Marwa, Mwita, Bhoke, Ghati, na jina peke yake halimwonyeshi mtu ametoka wapi, hivyo zamu ya majina yaweza kulundika watoto wa shule moja ya msingi katika nyumba moja bila mtu kutambua. Mwalimu makini hutazama kwanza shule ya msingi aliyotoka mwanafunzi, kisha jinsia, kisha alama alizoingia nazo, ndipo agawe. Wapo wakuu wa shule wanaowaruhusu ndugu wa tumbo moja wakae nyumba moja, na hilo halina ubaya. Ubaya huanza pale wazazi au wanafunzi wenyewe wanapoachiwa wachague, kwa sababu ndani ya miaka miwili kila nyumba huwa ya kijiji chake.

Majina ya nyumba nayo yana nguvu yake. Shule nyingi nchini hutumia majina ya viongozi, kama Nyerere, Kawawa na Sokoine, au ya milima na mito. Mara ina hazina ya majina ambayo hayana ukoo: Grumeti, Serengeti, Mara, Nyanza. Jina la mto unaopita katika ardhi za watu wengi ni chaguo bora kuliko jina la kilima kinachodaiwa na upande mmoja.

Kuanzia Februari mpaka mvua za masika zinapokolea, michezo hutawala. Mpira wa miguu na wa pete huchezwa kwa mtindo wa ligi, kila nyumba ikikutana na zote, na wavu na mpira wa mikono hufuata pale penye vifaa. Riadha huwekewa siku yake: mbio fupi na ndefu, kupokezana vijiti, miruko, tufe, mkuki na kisahani, na mwisho kuvuta kamba, ambako hata mwanafunzi asiyejua kukimbia hupata mahali pa kuonyesha nguvu zake. Mkuki una mashabiki wake katika wilaya hizi za wafugaji. Tarime iko kwenye nyanda za juu zenye baridi na miinuko, na watoto wengi hutembea kilomita kadhaa kila asubuhi kwenda shule, kwa hiyo mbio ndefu hazikosi washiriki.

Pointi zinavyogawanywa ni jambo linaloonekana dogo, kumbe ndilo linalobeba haki ya mashindano yote. Tuseme mshindi wa mpira wa pete anapata pointi 10, wa pili 7, wa tatu 4 na wa mwisho 2. Kumpa wa mwisho pointi 2 badala ya sifuri kunaifanya nyumba iliyopoteza mechi zake zote iendelee kuleta timu katika mchezo unaofuata. Michezo ya wasichana na ya wavulana sharti iwe na pointi sawa. Shule inayotoa pointi 20 kwa mpira wa miguu wa wavulana na 10 kwa mpira wa pete imeshawaambia wasichana wake thamani yao, hata kama mkuu wa shule hajafungua kinywa.

Mashindano ya nyumba yana kazi nyingine isiyopaswa kusahaulika, nayo ni kuchuja timu ya shule. Kila mwaka sekondari hushiriki UMISSETA, na shule za msingi UMITASHUMTA. Ngazi zake hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, kisha taifa, ambako fainali kwa kawaida huchezwa katikati ya mwaka. Kipa wa nyumba nyekundu aliyetukanwa Machi na mabeki wa nyumba ya kijani sasa, katika timu ya shule, anawategemea haohao wamlinde langoni. Baadaye wote wanaweza kuitwa katika timu ya wilaya pamoja na vijana wa shule ya ng'ambo ya mpaka wa ukoo, walale ukumbi mmoja kambini na kula sahani moja. Katika mwaka mzima wa shule, hakuna kipindi kinachofanya kazi kubwa ya amani kuliko majuma hayo ya kambi.

Uhusiano huo kati ya kushindana na kushirikiana ulichunguzwa na mwanasaikolojia Muzafer Sherif huko Marekani. Mwaka 1954 aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi kwenye kambi katika hifadhi ya Robbers Cave, Oklahoma, wakiwa makundi mawili ambayo mwanzoni hayakujua kama kuna kundi la pili. Walipokutanishwa katika mashindano yenye zawadi, chuki ilizuka upesi: bendera zikachomwa moto, vibanda vikavamiwa usiku. Kuwakalisha pamoja tu kwenye chakula hakukusaidia. Kilichosaidia ni shida walizolazimika kuzitatua kwa pamoja. Maji ya kambi yalikatika, wakatafuta wote chanzo cha hitilafu. Gari la chakula likakwama, wakalivuta wote kwa kamba ileile waliyoitumia kushindana. Shida hizo zilikuwa zimepangwa na watafiti, na wasomi wa baadaye wamelaumu jinsi watoto hao walivyochochewa. Lakini jaribio la mwaka uliotangulia, 1953, katika jimbo la New York, linaeleza hata zaidi. Huko wavulana waliachwa wafahamiane kwanza, ndipo wakagawanywa, na kila Sherif alipojaribu kuwagombanisha walikataa kugombana. Shule inayowaacha wageni wa kidato cha kwanza wakae majuma mawili darasani pamoja kabla ya kuwapa rangi za nyumba inafuata busara hiyo, iwe imesoma habari za Sherif au haijazisoma.

Muhula wa pili, kuanzia Julai, huelekea zaidi kwenye taaluma. Shule zenye kidato cha tano hupokea wageni wakati huo, na hao ndio wanaoleta sura ya nchi nzima. Tarime Sekondari, kwa mfano, hupata vijana kutoka mikoa ya mbali ambao hawajui habari za koo za Mara. Wakigawanywa vizuri huwa chumvi ya kila nyumba: wanasimamia midahalo, wanawafundisha wadogo hesabu jioni, na hawana upande katika ugomvi wa nyumbani. Kwa kuwa pointi za Januari hadi Juni zilipatikana bila wao, ni haki kila nyumba ipewe idadi sawa ya wageni hao, wala isiwepo nyumba inayofidiwa udhaifu wake kwa kupewa wanamichezo wote wapya.

Kupima taaluma kwa nyumba kunahitaji uangalifu. Ukihesabu nyumba ipi ina wanafunzi wengi katika kumi bora, unawatuza vipaji ambavyo vingejitokeza hata bila nyumba. Wastani wa nyumba nzima ni bora zaidi, na bora kuliko wastani ni ongezeko, yaani tofauti kati ya mtihani wa nusu muhula na wa mwisho wa muhula. Ukitumia ongezeko, mwanafunzi aliyetoka alama 18 hadi 31 katika hisabati ameipa nyumba yake pointi nyingi kuliko aliyekaa palepale kwenye 80, na ghafla wale wa 80 wanakuwa na sababu ya kumtafuta wa 18 jioni na kumwelekeza. Katika shule zenye uhaba wa walimu wa sayansi, faida ya jambo hilo haihitaji maelezo.

Usafi na mahudhurio hupimwa kila siku na mwalimu wa zamu, na hapa ndipo dhuluma hujificha. Kuipunguzia nyumba pointi kwa sababu mtoto hana viatu ni kuadhibu umaskini wa mzazi. Kuipunguzia kwa uchelewaji kunahitaji kwanza kujua mtoto amechelewa kwa nini. Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, tembo huingia mashambani usiku na pengine bado wako njiani alfajiri, na mzazi mwenye akili hamruhusu mtoto atoke mpaka wameondoka. Katika Tarime mto uliofurika wakati wa masika hufanya vivyo hivyo. Ukaguzi wa haki hupima kile kilicho ndani ya uwezo wa wanafunzi wenyewe, kama uwanja uliofagiwa, madawati yaliyopangwa, vyoo vilivyooshwa na miti iliyomwagiliwa. Haki hiyo inadai pia kwamba mwalimu asiikague nyumba anayoilea. Na maji ya usafi yasiwe kazi ya wasichana peke yao, jambo ambalo pointi zinaweza kulirekebisha haraka zikiambatanishwa na sharti hilo.

Siku ya sanaa, inayopangwa mara nyingi Agosti au Septemba, huwavuta hata wazazi. Kuna kwaya, maigizo, mashairi, ngonjera na ngoma za asili. Mpigaji mzuri wa litungu, ile ala kubwa ya nyuzi ya Wakurya, hapatikani kila nyumba, na shule nyingine humruhusu mzee wa kijiji aje awafundishe wanaotaka. Sharti moja linalofaa kuwekwa ni kila nyumba icheze angalau ngoma moja isiyo ya kabila la wachezaji wengi wake. Kijana wa Kikurya anayejifunza hatua za Kingoreme kwa ajili ya pointi 10 hawezi kuzisahau kombe linapotolewa.

Oktoba na Novemba ni miezi ya mitihani ya taifa na upimaji, kwa hiyo mashindano hufungwa kabla ya hapo, isipokuwa usafi. Lakini mlezi wa nyumba hafungi kazi. Katika Tarime na Serengeti, mwisho wa mwaka katika miaka ya tohara ndio msimu wa hatari kwa wasichana. Ukeketaji wa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na bado wapo wanaoufanya likizo inapoanza. Vituo vya hifadhi, kama kile cha Masanga wilayani Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu, hupokea wasichana wanaokimbia. Mwalimu wa darasa ana wanafunzi wengi na siku chache. Mlezi wa nyumba amemjua msichana huyo tangu kidato cha kwanza, anajua rafiki zake wa nyumba, na kupitia kwao anaweza kusikia mapema nani ameanza kuambiwa nyumbani kwamba sasa ni mkubwa. Nyumba iliyoundwa kwa ajili ya pointi inaweza kuwa mahali pa kwanza pa msichana kuomba msaada, kama mlezi wake alishajenga uaminifu miezi yote ya nyuma.

Matokeo hutangazwa mstarini kabla ya kidato cha nne kuingia katika mitihani, ili wanaoondoka washuhudie. Kiranja wa nyumba iliyoshinda hupokea kombe, na viranja wa nyumba zote hukabidhi madaftari ya kumbukumbu kwa wenzao wa kidato cha tatu: majina, pointi za kila mwezi, mali za nyumba, na miti iliyopandwa pamoja na jina la aliyepewa kuimwagilia. Nyumba iliyochukua kombe miaka mitatu mfululizo inahitaji kuchunguzwa kwa utulivu wakati wa likizo, kwa sababu mara nyingi chanzo ni mgawanyo mbaya wa Januari moja ya nyuma, nao hurekebishwa kwa kuwapanga vizuri wageni wanaokuja bila kumhamisha yeyote aliyekwisha kuizoea nyumba yake. Mwaka mpya wa shule unapofunguliwa, jedwali la pointi huanza tena kwenye sifuri kwa nyumba zote.